Sampuli Namba Saba

Mama Dirisha anasema Daktari alifukuzwa kazi mbele ya wanafunzi wake. Anasema alitolewa kwa mlango wa nyuma, askari huku na askari huku, amevaa koti lake jeupe na kandambili za maabara, anaongea peke yake kama mtu anayehesabu mbuzi waliopotea. Anasema aliyaona haya kwa macho yake mawili, ingawa kutoka dirishani kwake hadi geti la chuo ni mwendo wa dakika arobaini, na kuna kilima katikati.

"Mimi siongezi chumvi," aliwaambia waliokuwa kwenye foleni dukani. "Kule kuna kitu kimeibwa. Mtu mzima wa miaka hamsini na saba harudi nyumbani saa nne asubuhi bila viatu kama hakuna jambo."

Jambo lilikuwepo, ila askari hawakuwepo, wala wizi. Ijumaa ile Daktari alirudi kwa miguu, peke yake. Koti jeupe alikuwa nalo kweli, na kandambili pia. Alimpita mke wake aliyekuwa kibarazani kwenye cherehani, akaingia chumbani na kukaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, kama mgonjwa anayengoja kuitwa.

Mke wake alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Katika miaka ishirini na minane ya ndoa hakuwahi kumwona mumewe akipita bila kusema chochote, japo kulalamika kuhusu jua.

Mtaani jina la mwanamke huyu lilishasahaulika. Wenzake waliitwa kwa majina ya watoto wao. Yeye, ambaye hakuwa na mtoto, aliitwa Mke wa Daktari. Hata watoto aliowashonea sare tangu chekechea hadi wakaota ndevu walimwita hivyo hivyo, na mama zao waliposema "mpelekee Mke wa Daktari suruali hii," walishusha sauti kidogo mwishoni, kama wanaotaja ugonjwa.

"Karudi?" Wifi yake alitokea jikoni na mwiko mkononi. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Daktari, mjane mwenye watoto watano, aliyekuja kukaa wiki mbili, na sasa ulikuwa mwaka wa kumi na tatu.

"Karudi."

"Wamemfukuza?"

"Sijui, wifi. Hajasema."

"Umemfanya nini?"

Mke wa Daktari alifunika cherehani. Alishazoea. Mvua ikivuja darini, wifi huuliza amefanya nini. Mwezi uliopita tu, alipomshonea mke wa mpwa wao, kijana wa kaka yake Daktari, vigauni sita vya mtoto, vilirudishwa wiki mbili kabla mtoto hajazaliwa, vimekunjwa vizuri, kwa maelezo kwamba havimtoshi. Alijua ni mkono wa nani uliovikunja. Wifi hakutaka mtoto wa ukoo aanze maisha katika nguo zilizotoka kwa mwanamke asiyezaa.

Alimpelekea mumewe maji. Daktari aliishika glasi, akaitazama ndani kwa makini, jinsi anavyotazama kila kitu, kisha akairudisha bila kunywa.

"Unaumwa?"

Alitikisa kichwa.

"Kuna mtu amekufa?"

Akafikiri kwanza. "Sijui nikujibu nini," alisema.

*

Kazi ya Daktari ilikuwa mbegu za kiume. Mtaa mzima ulijua, na haukumwacha. Watoto walimwita Profesa Mkia. Muuza duka alimwuliza kila asubuhi, "Vipi Daktari, leo zimeogelea?" naye alijibu bila kukasirika, "Zimekushinda wewe kwa mbali." Kwa miaka thelathini alikaa juu ya hadubini, kwanza na panya, halafu na ng'ombe dume, akitafuta jibu la swali moja: kati ya mamilioni yanayotoka, kwa nini moja inaingia kwenye yai na nyingine haziingii?

Mke wake aliishia darasa la saba, lakini mihadhara yote ya mumewe aliisikia kabla ya wanafunzi. Daktari aliifanyia mazoezi bafuni, mlango wazi, povu la sabuni masikioni. Kwa hiyo alijua. Mbegu ikitoka huogelea kwa adabu, inanyooka, kama mtoto siku ya kwanza ya shule. Ikifika karibu na yai ndipo inabadilika. Mkia unaacha kupiga taratibu, unaanza kuchapa kwa hasira, huku na huku, kama mjeledi. Bila hasira hiyo ganda la yai halipenyeki, hata mbegu iwe nzuri namna gani. Daktari aliita hali hiyo kuchachamaa. Neno hilo ndilo lililomjengea jina. Jumatano iliyokuwa inakuja chuo kilikuwa kimvishe nishani, na kabla ya hapo, Jumapili, ndugu walikuwa waje nyumbani kumpongeza.

Zamani, alipokuwa bado mwanafunzi na bwana harusi mpya, hakukuwa na watu wa kujitolea kutoa mbegu kwa ajili ya utafiti. Hivyo wanafunzi tisa wa maabara walijitolea wenyewe, wakapewa namba badala ya majina, mbegu zao zikawekwa kwenye mirija midogo na kugandishwa ndani ya tangi linalotoa moshi wa baridi. Siku hiyo Daktari alirudi nyumbani anacheka hadi machozi. "Mke wangu," alisema, "kuanzia leo mimi ni Namba Saba." Mkewe alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alimwita Saba mwaka mzima, taa ikishazimwa. Halafu mtoto hakuja, na utani ukaisha wenyewe.

*

Saa tisa alasiri, wifi akiwa ametoka kununua mkaa, alibisha hodi msichana mwembamba mwenye miwani, ameshika mfuko. Alikuwa ndiye mtaalamu mpya wa maabara. Daktari alimsifu mara nyingi mezani, kwamba ana macho ya mwewe na uvumilivu wa kobe.

"Shikamoo mama. Nimemletea Mwalimu viatu vyake. Na mkoba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Amelala." Hakuwa amelala. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi kidogo.

Msichana alikaa kwenye ncha ya kiti. "Mama, Mwalimu amenikasirikia?"

"Kwa nini akukasirikie?"

"Asubuhi tulikuwa na kikao, mimi ndiye niliyesema. Nadhani nilikosa adabu." Alikunja pindo la sketi yake. "Ila sijui nieleze vipi. Ni mambo ya... ni mambo yetu ya kazini."

"Sema tu. Katika nyumba hii mambo hayo tunayanywea chai."

Msichana akacheka, na kicheko kikamfungua. Akaeleza haraka haraka, kama mtu aliyebeba habari njema na hana wa kumpa. Kulikuwa na mirija ya zamani sana, ya watu tisa. Mmoja kati ya hao tisa mbegu zake zilikuwa zinaogelea vizuri kuliko zote, nyingi, zimenyooka, kwa hiyo Mwalimu aliichagua sampuli hiyo iwe ya kulinganishia. Kila asubuhi kwa miaka yote hiyo, mashine ya maabara ya kupima mwendo wa mbegu iliwekwa sawa kwa kipimo chake. Walimpa hadi jina la utani: Mzima.

"Sasa mama, Mzima hachachamai. Mwalimu husema ni ganzi ya barafu, kwamba kugandishwa kumemchosha. Sote tuliamini. Lakini mimi nikajiuliza, hao wengine wanane si walikaa tangi hilo hilo, mwaka huo huo? Nikawayeyusha wote tisa. Wanane wakachachamaa. Si mbegu zote, lakini zilichachamaa. Yule mmoja, hata moja. Nimerudia mara tatu."

"Maana yake nini?"

"Maana yake kwenye karatasi mtu huyo ni mzima kabisa, na hawezi kumpa mwanamke mimba. Hata wakae miaka mia. Na daktari yeyote wa wakati ule angempima angesema hana kasoro, kwa sababu walikuwa wanatazama kuogelea tu! Mama, hii ni habari kubwa. Yuko wapi mtu huyo, ana hali gani, sijui. Majina anayo Mwalimu peke yake, kwenye kabati lake." Alisita. "Nikatania kikaoni. Nikasema, namwonea huruma mke wa Namba Saba, sijui walimpa dawa gani maskini. Watu wakacheka. Mwalimu akainuka akatoka, akaacha na viatu."

Mke wa Daktari alikuwa ameshika viatu mapajani. Aliona kamba ya kushoto imelika, akafikiri kwamba inafaa kubadilishwa. Alilifikiri hilo kwa muda mrefu. Ndani ya masikio yake kulikuwa na mlio mwembamba, kama cherehani inapokwenda bila nguo chini ya sindano.

"Mama? Nimesema vibaya?"

"Hapana," alisema. "Umesema vizuri sana. Nenda nyumbani, mwanangu."

"Utamwomba aniambie Namba Saba ni nani? Hata kwa siri?"

"Nenda nyumbani."

*

Alifunga mlango wa chumbani, akaviweka viatu chini sambamba, vidole kuelekea ukutani.

"Saba," alisema.

Miaka ishirini na sita hakuwa amemwita hivyo. Daktari aliinua uso. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu.

"Amekuambia."

"Hajui alichoniambia." Alibaki amesimama. "Karatasi ile uliyonipa nimpelekee daktari wa wanawake. Ilisema mume hana tatizo. Nani aliiandika?"

"Maabara."

"Maabara ni nani?"

"Mimi."

"Na sahihi?"

"Yangu. Nilipima mwenyewe. Nilitazama kwa macho yangu, zilikuwa zinaogelea..." Alionyesha kwa kidole, mstari mnyoofu hewani. "Wakati ule ndivyo tulivyojua. Sikukudanganya. Ndivyo tulivyojua."

Mke wake akakaa sakafuni, mgongo kwenye kabati. Mkono wake ulikwenda wenyewe tumboni, kwenye mshono.

"Walinifungua mara mbili," alisema.

"Najua."

"Hujui. Mara ya pili ulikuwa mkutanoni. Kidonda kilioza ndani, wakakitoa kizazi chote. Unajua nani aliniambia? Mfagiaji. Daktari alikuwa amekwenda kula. Yule mama akaegemea ufagio wake akasema, pole dada, wameondoa nyumba yote. Walikuwa wanatafuta nini ndani yangu?"

Daktari aligeuza uso ukutani. "Kitu ambacho hakikuwepo."

Jikoni sufuria ilifunikwa. Wifi alikuwa amerudi. Mke akaendelea kwa sauti ya chini, na ilikuwa mbaya zaidi kuliko kama angepiga kelele.

"Niangalie. Umejua leo?"

"Leo ndiyo..."

"Niangalie usoni ndipo useme."

Hakumwangalia. Alianza kusimulia akitazama kandambili zake. Miaka kumi na moja iliyopita, jioni moja, walikosa mbegu za binadamu za kujaribia dawa mpya, akatumia zake, mbichi, si za kwenye barafu. Alingoja zichachamae. Alingoja saa nzima. Ziliogelea, zikanyooka, nzuri mno, na hazikufanya kingine. Akasema dawa imeharibika. Akazimwaga kwenye sinki, akafungulia maji.

"Ukarudia?"

Daktari alisukuma kandambili moja kwa kidole cha mguu.

"Nakuuliza, ulirudia?"

"Sikurudia."

"Wewe." Alisema kama mtu anayelionja neno. "Wewe unayewafelisha watoto wa watu kwa kupima mara moja. Hata binti yule amerudia mara tatu."

"Sikujua kwamba naogopa," alisema Daktari. "Naapa. Nilifikiri nina haraka."

Hapo ndipo mke wake alipopigwa na bumbuwazi hasa. Karatasi angeweza kuisamehe, pengine. Ujinga wa zamani ulikuwa wa wote. Ila sinki lile aliliona mbele yake waziwazi, bomba linatiririka, na yeye jioni hiyo hiyo mahali fulani akishona sare, akiambiwa na wifi yake kwamba nyumba isiyo na mtoto haihitaji mapazia mazuri hivyo. Alijikuta anacheka. Kicheko kilitoka kifupi, kikavu, kikamtisha yeye mwenyewe.

"Kizazi hakirudi," alisema. "Miaka kumi na moja iliyopita kilikuwa kimeshatupwa, wala sikudai hicho. Lakini jina langu lilikuwa bado lipo. Ungeweza kunirudishia hilo. Jumapili ndugu zako watakuwa mezani. Sema."

"Jumatano wananipa nishani."

"Najua. Nimekushonea suti."

"Huelewi. Kila nilichopima kwa mashine ile, niliiweka sawa kwa Mzima. Wakijua ni nani, na kwamba niliwahi kuona nikanyamaza, watafukua kazi yote, ukurasa kwa ukurasa."

"Ni uongo, kazi yenyewe?"

"Si uongo. Vipimo vya kuogelea ni sahihi. Lakini watafukua."

"Basi wafukue. Mimi nimefukuliwa mara mbili."

Daktari alijifunika uso kwa viganja. "Waambie wewe," alisema kutoka ndani ya mikono. "Sitakana."

"Nikisema mimi, dada yako atasema najitetea uzeeni. Ukisema wewe ni sayansi." Alijishika kwenye kabati, akainuka. "Sikuombi kingine. Hata suti uvae."

"Nipe mpaka Jumapili."

*

Jumapili mchana walikuja. Kaka mkubwa na tumbo lake, mwanawe, mke wa mwanawe na mtoto wa wiki tatu ndani ya shali. Meza ya sebuleni iliongezwa urefu kwa meza ya kukatia nguo, na kitambaa kikafunika kiungo. Mama Dirisha naye alileta bakuli tupu aliloliazima mwezi uliopita, akaomba akae dakika moja tu, akachagua kiti kinachotazama wote.

"Kumbe hukufukuzwa, Daktari," alisema kwa masikitiko kidogo.

"Bado," alijibu Daktari. Watu wakacheka.

Tangu Ijumaa alikuwa hajala kitu cha maana. Mke wake alipakua, akazunguka, akajaza glasi. Alipofika kwa mke wa mpwa, msichana alikuwa anahangaika na kijiko na mtoto.

"Nipe nikushikie, ule."

"Ahsante, mama mdogo." Msichana alikuwa ameshaanza kumnyanyua mtoto.

"Lete huku!" Wifi alinyoosha mikono juu ya meza, mkufu ukagusa mchuzi. "Mama mdogo ana kazi, hamwoni? Mwacheni na masufuria yake."

Mikono ya Mke wa Daktari ilibaki hewani, wazi. Akaishusha. Akachukua jagi, japo glasi zote zilikuwa zimejaa. Daktari aliliona hilo. Mkewe alimwona akiliona. Pengine alikuwa ameliona mara mia na leo ndiyo lilimfika.

Walipomaliza kula, kaka mkubwa alijikohoza. Akasema marehemu baba yao angejivuna, mwana wa mkata majani ya ng'ombe leo anavishwa nishani kwa sababu ya ng'ombe hao hao. Wakapiga makofi. Wifi naye akasimama, mtoto begani.

"Mimi sina maneno ya chuo," alianza. "Mdogo wangu amewasaidia watu wa dunia nzima kupata watoto. Wageni wanamwandikia barua! Naye mwenyewe Mungu hakumjalia." Alifuta jicho, kwa machozi ya kweli. "Nilimwambia akiwa kijana, tafuta mwingine, utakuja kufa bila wa kukuzika. Akakataa. Akasema mke wangu ni mke wangu. Huo ndio moyo wa mdogo wangu. Kamvumilia. Wangapi wangevumilia? Hiyo ndiyo nishani ningempa mimi."

"Kweli kabisa," alisema kaka mkubwa.

"Kavumilia sana," alisema Mama Dirisha, na kutikisa kichwa.

Makofi yakapigwa tena. Mtoto akashtuka, akatulia. Daktari alikuwa amegeuka rangi ya jivu. Alishika meza kwa mikono miwili, mahali pale pale kitambaa kilipoficha kiungo, na kwa uzito wake meza mbili zikaachana kidogo. Glasi moja ikayumba, ikasimama.

"Haya, sema na wewe, bwana mkubwa," kaka yake akamhimiza. "Usitufanyie aibu Jumatano. Fanya mazoezi hapa."

Daktari alisimama. Alitazama watu wake, mmoja mmoja, kwa zamu.

"Kazi yangu," alisema, "imekuwa kutazama. Nimetazama kwa miaka thelathini."

Walingoja. Kaka mkubwa alitabasamu, akidhani ni furaha inayomkaba. Wifi alianza kumbembeleza mtoto ambaye hakuwa analia. Daktari alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa, akaivua tena.

"Nawashukuru kwa kuja," alisema, na magoti yake yakaanza kukunjika kurudi kitini.

"Mume wangu."

Wote waligeuka. Mke wa Daktari alikuwa mlangoni mwa jikoni na jagi lake. Hakuna aliyekumbuka lini mara ya mwisho alisema neno wakati wageni wanahutubia. Sauti yake haikupanda. Ilikuwa ile ile anayotumia kumwambia mteja anyooshe mgongo apimwe.

"Usikae," alisema. "Waambie walinipasua kwa sababu gani."

Wifi alibaki na kiganja hewani juu ya mgongo wa mtoto. Mama Dirisha aliinama mbele hadi kiti kikalia. Daktari alikuwa hajakaa wala hajasimama, mikono mezani, miwani ikining'inia kwenye kidole, na kila mtu sasa alikuwa anamtazama yeye.

"Waambie," alisema mke wake. "Nakuomba."